Siku Moja Kampala: Mwongozo wa Kikundi Kinacholala Ntinda

Kikundi chochote kinachokuja Kampala kwa matembezi huja na orodha. Mwenyekiti wa kwaya ameandika makanisa yote, mweka hazina wa kikoba anataka soko, vijana wanataka picha juu ya mnara. Mara ya kwanza nilipopewa jukumu la kutembeza wageni wa namna hiyo, watu ishirini na saba kutoka Bukoba, niliikubali orodha yao nzima: vituo tisa. Tulivifikia vitano. Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, tulikaa dakika kumi na tano. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ndiyo kwanza anavua kiatu cha pili mlangoni, dereva akapiga honi. Akavivaa tena bila kusema neno, akarudi garini. Ile sura yake ndiyo iliyonifundisha kazi hii.

Tangu siku hiyo napanga vituo vitatu vya mchana, kimoja cha akiba na kimoja cha jioni. Ndugu zetu walioko Ulaya husimulia ziara za basi zinazopita Zurich, Luzern na Bern kwa siku moja. Kule desturi ya kutembea kwa kikundi ni ya zamani, Mwingereza Thomas Cook, wakala wa safari, aliongoza kundi lake la kwanza Uswisi mwaka 1863. Lakini Uswisi saa ya treni ikisema dakika, ni dakika. Kampala barabara ndiyo inayosema. Kwa hiyo ukiwa mratibu wa kikundi, usiige ratiba ya watu wenye reli. Panga siku kwa kufuata vilima na foleni, na uipange kwa ajili ya yule anayetembea polepole kuliko wote.

Kwa nini mlale Ntinda

Ntinda iko kaskazini-mashariki mwa jiji, katika tarafa ya Nakawa. Wageni wengi hudhani kulala katikati ya mji ndiko kuwa karibu na kila kitu, kumbe ndiko kuanza siku ndani ya foleni. Kutoka makutano ya Ntinda mna njia nne: moja yashuka Nakawa hadi barabara ya Jinja, ya pili yapita Bukoto na Kamwokya kuingia mjini, ya tatu yaenda Kisaasi, ya nne Kiwatule na kuendelea upande wa Naalya. Barabara ya mchepuko wa kaskazini, ambayo wenyeji huiita Northern Bypass, iko jirani. Ukiijua hiyo barabara, unaweza kuizunguka Kampala nusu nzima bila kuugusa mji.

Hiyo ndiyo siri ya ratiba hii: asubuhi mwende mashariki hadi Namugongo, mahali pa mashahidi wa Uganda, mrudi Naalya, mshike mchepuko hadi upande wa magharibi mtokee Kasubi, kisha muingie mjini kwa nyuma na kurudi Ntinda kupitia Kamwokya na Bukoto. Ni duara moja. Karibu hakuna mahali mnapopita mara mbili isipokuwa nyumbani.

Wiki moja kabla

Chagua Jumapili. Magari ni machache, na jioni kuna ngoma. Epukeni siku zinazokaribia tarehe 3 Juni, maana Namugongo hujaa mahujaji wanaotembea kwa miguu kutoka pande zote za Uganda na nchi jirani. Mkija tarehe hiyo, njooni kuhiji, matembezi yasubiri. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua huwa nyingi. Kila mtu abebe mwavuli au koti.

Kodini kosta moja badala ya magari madogo matatu. Kikundi kilichogawanyika hupoteza saa nzima kwa kusubiriana. Mkumbuke kwamba Kampala mtu akisema “takisi” anamaanisha kile Mtanzania anachokiita daladala na Mkenya matatu. Gari la kukodi peke yako huitwa “special”. Mpe dereva njia yote kwa maandishi usiku wa kuamkia safari, na mkubaliane kabisa kuhusu chakula chake na saa za ziada. Dereva mwenye njaa huharakisha watu.

Kila mtu atembee na kitambulisho au pasipoti yake. Viingilio vya sehemu nyingi hupangwa kwa makundi: raia wa Uganda, watu wa Afrika Mashariki, na wageni wa mbali. Asiye na karatasi huweza kulipishwa kama aliyetoka mbali. Fedha zote zikae kwa mtu mmoja, naye azibadilishe ziwe shilingi za Uganda mapema, aweke kiasi fulani kwenye simu na kiasi mkononi. Tengeni sehemu moja ya kumi ya bajeti kwa dharura, wala msiiguse kwa ajili ya zawadi.

Gaweni watu wawili wawili. Kila mmoja amjue mwenzake, na kabla gari halijaondoka swali liwe moja tu: “Mwenzako yupo?” Ni haraka kuliko kuhesabu vichwa. Kisha mteueni mtu wa mkia, ambaye hashuki mlimani hadi wote wameshuka.

Mavazi ni jambo la kusema mapema, si la kugombana nalo mlangoni. Mtaingia kanisani, kwenye makaburi ya wafalme na msikitini siku moja. Akina mama wavae sketi au gauni lililovuka magoti, wabebe na khanga au mtandio. Akina baba wavae suruali ndefu. Viatu viwe vya kuvulika kwa urahisi, kwa kuwa mtavua angalau mara mbili.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: rolex

Msiagize kifungua kinywa kirefu hotelini. Tokeni barabarani mle rolex. Kijana huwa na meza, jiko la mkaa na bamba la chuma. Anapasua mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia nyanya, kitunguu na kabichi humo humo bila ubao wa kukatia, anatia chumvi, anakoroga, anamwaga. Mayai yakishikana, anaweka chapati juu yake, anageuza vyote pamoja, anaviringisha kama mkeka na kukufungia. Jina limetokana na huko kuviringisha mayai, wala halihusiani na saa ya Uswisi. Agizeni usiku uliotangulia, mumtajie idadi, maana rolex ishirini na saba hazipikwi kwa dakika tano.

Saa moja kamili gari liwe limeondoka. Jambo zuri ni kwamba Waganda wanahesabu saa kama sisi: essaawa emu ni saa moja ile ile ya jua kuchomoza. Hamtapotezana kwa saa.

Kituo cha kwanza: Namugongo

Kwa Jumapili ya asubuhi safari hii ni fupi. Mkikuta misa inaendelea, wanaotaka kusali waingie, wengine wazunguke bustani na ziwa dogo hadi kanisa litulie.

Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Mwanga II, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, vijana waliokataa kuikana imani yao walichomwa moto hapa. Mashahidi wa Uganda wanaotajwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887, wengi wao watumishi wa ikulu. Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, na mwaka 1969 akaja mwenyewe. Papa Yohane Paulo II alifika mwaka 1993, Papa Fransisko mwaka 2015.

Kabla ya kuingia, waweke watu wako mbali kidogo, walitazame paa. Limechongoka kama msonge wa Kiganda, limebebwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Aliyelichora ni Justus Dahinden, msanifu majengo wa Zurich, na lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975. Mswisi huyu angeweza kuleta mnara wa kwao. Badala yake aliitazama nyumba ya nyasi ya mwenyeji, akaijenga kwa chuma. Ndani, altare imesimama mahali alipochomewa Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi hao 22.

Msiishie hapo. Mwendo mfupi tu kutoka kanisa la Wakatoliki kuna eneo la Waanglikana, lenye makumbusho ya sanamu zinazoonyesha jinsi vijana wale walivyofungwa na kuteswa. Ni sanamu nzito kwa watoto, mzazi aamue. Na Mwislamu aliye katika kikundi ajue kwamba Namugongo ni ardhi yake pia: zama za Kabaka Mutesa I, miaka kadhaa kabla ya Wakristo hawa, Waislamu waliokataa kuvunja mwiko wa dini yao waliuawa, na wanakumbukwa hapa. Nimeona vikundi mchanganyiko vikinyamaza pamoja mahali hapa. Wape saa mbili.

Kituo cha pili: Kasubi

Kutoka Namugongo rudini Naalya, mshike mchepuko hadi barabara ya Hoima, kisha mgeuke kuelekea mjini. Hapa ndipo pa kukaa. Kama siku ikiwabana, kateni kwingine kote, hapa msipaguse. Pigieni simu siku moja kabla kuthibitisha saa za wageni.

Nyumba kuu huitwa Muzibu-Azaala-Mpanga. Mutesa I aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu yake, na mwaka 1884 akazikwa humo. Baadaye akaungana naye mwanawe Mwanga II, aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 na kurejeshwa 1910. Kisha mjukuu wake Daudi Chwa II, aliyefariki 1939. Kisha kitukuu chake Mutesa II, aliyefia London mwaka 1969 na kuletwa nyumbani 1971. Vizazi vinne chini ya paa moja. Kwa heshima, Baganda hawasemi kwamba wamo kaburini. Husema wameingia msituni, na nyuma ya pazia la nguo ya gome la mti, ile iitwayo olubugo, ndipo huo msitu mtakatifu ulipo.

Mkiingia, vueni viatu. Akina mama huketi kwa kukunja miguu upande mmoja, hawainyooshi mbele. Msipige picha ndani. Inueni macho: pete za makuti zilizoshikilia paa ni 52, hesabu ya koo za Baganda. Uezekaji wenyewe ni kazi ya ukoo wa Ngeye, ambao mzio wao ni mbega, na mafundi wa nyumba hii hufuata miiko kadhaa wakati wa kazi.

Tarehe 16 Machi 2010 nyumba hii iliteketea usiku mmoja. Ilikuwa imeingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Baada ya moto ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikatolewa humo mwaka 2023. Wageni huniuliza: kwa nini miaka kumi na mitatu? Huko Luzern daraja la mbao la Kapellbrücke liliungua Agosti 1993, na Aprili 1994 watu walikuwa wakipita tena juu yake. Jibu langu ni kwamba daraja lilihitaji mbao na seremala. Kasubi ilihitaji nyasi za aina yake, matete ya kufungwa kwa mkono, gome la mti wa mutuba lililogongwa hadi likawa nguo, idhini ya koo, na wazee wachache wanaokumbuka kila hatua, wafundishe na vijana huku wakijenga. Kilichojengwa upya ni nyumba pamoja na ujuzi wa kuijenga.

Waambie wageni wako na hili, kwa sababu linatuhusu: Mutesa I alikijua Kiswahili. Msafiri Stanley alipofika mwaka 1875, lugha yetu ilikuwa tayari imezoeleka ikulu kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani, na mafundisho ya kwanza ya wamisionari yalitolewa kwa Kiswahili kabla ya vitabu vya Kiganda kupatikana. Msemaji wa Kiswahili aketipo Kasubi, ameketi kwa mwenyeji aliyekuwa akimwelewa.

Saa sita na nusu: chakula

Kuleni njiani kuelekea Old Kampala. Ulizeni luwombo: kuku, nyama au karanga zilizopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, likafungwa kama kifurushi na kufunguliwa mezani mbele yako. Huliwa na matooke yaliyopondwa. Wahaya watacheka kwa kukutana na ndugu yao ndizi. Watu wa pwani wajue kwamba chumvi huwa kidogo na nazi hakuna. Agizeni kwa simu asubuhi, vinginevyo mtasubiri kama walioalikwa harusini.

Mkiwa garini mjini, fungeni madirisha au wekeni simu mapajani. Vibaka hupenda foleni kuliko mtu yeyote.

Kituo cha tatu: Msikiti wa Taifa, Old Kampala

Fikeni kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, baada ya adhuhuri na kabla ya alasiri. Kiingilio hulipwa getini, mnapewa mwongozaji, na akina mama wasio na vazi la kutosha huazimwa nguo ya kujisitiri.

Kilima hiki ndicho kilichoupa mji jina. Kilikuwa malisho ya swala, impala kwa Kiingereza, na hapa Kapteni Lugard, Mwingereza, alijenga ngome mwezi Desemba 1890. Msikiti ulianzishwa zama za Idi Amin mwaka 1972, ukakwama miaka mingi, ukakamilishwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa mwaka 2007.

Mnara una ngazi 304. Wenye magoti mabaya, shinikizo la damu au kizunguzungu wabaki chini kwenye zulia. Ukumbi wenyewe ni mzuri wa kutosha. Wanaopanda wapande taratibu, wakipumzika kila kona ya tatu ya ngazi.

Juu ndipo ile orodha ya vituo tisa inapolipwa. Kilima kimoja, kuba la kanisa kuu la Namirembe, lililotabarukiwa mwaka 1919. Cha pili, minara miwili ya kanisa kuu la Wakatoliki la Rubaga, ya mwaka 1925. Kule Mengo, ikulu ya Kabaka na barabara iliyonyooka hadi Bulange, bunge la Buganda. Upande wa pili, msikiti wa Kibuli. Chini kabisa, kituo kikuu cha takisi, magari meupe yamebanana kama mchele kwenye ungo. Mwongozaji atawaonyesha kimoja baada ya kingine kwa kidole. Kile mlichodhani mnahitaji siku nzima kukifuata kwa gari mmekiona kwa dakika ishirini mkiwa mmesimama, na sasa mnajua kila kilima kiko wapi kwa jirani yake.

Kituo cha akiba: Makumbusho ya Uganda

Mkiwa bado na saa moja kabla ya saa kumi na moja, rudini kwa barabara ya Kira. Makumbusho yako kilima cha Kitante, njia ile ile ya Ntinda. Yalianzishwa mwaka 1908, na jengo la sasa, lililochorwa na Mjerumani Ernst May, ni la mwaka 1954. Nendeni moja kwa moja kwenye chumba cha ala za muziki, kisha uani kwenye nyumba za jadi za makabila. Mkiwa mmechelewa, piteni tu bila kusimama na bila majuto. Hiyo ndiyo maana ya akiba.

Jioni: Ndere

Rudini mlikolala, muoge, wazee walale nusu saa. Kituo cha Ndere kiko barabara ya Ntinda kwenda Kisaasi, dakika chache kutoka kitandani kwenu, na hii ndiyo sababu nyingine ya kulala Ntinda. Kikundi chake kilianza mwaka 1984, mwanzilishi ni Stephen Rwangyezi, na jina linatokana na endere, yaani filimbi. Wekeni nafasi mapema na muulize saa ya kuanza.

Mtaona bakisimba ya Baganda, ambayo kiuno kinacheza na kifua kimetulia. Larakaraka ya Waacholi na vibuyu vyao. Ekitaguriro ya Banyankole, mikono ikiigiza pembe za ng’ombe. Na wanawake wanaobeba mtungi juu ya mtungi huku wakicheza. Kabla ya ngoma huelezwa maana yake. Mtu aliyeketi Kasubi asubuhi atatambua mara moja kwa nini mchezaji anapiga magoti kabla ya kuanza.

Neno kuhusu lugha

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Hata hivyo wapo wazee ambao kwa miaka mingi walikisikia kutoka kwa askari wenye bunduki, na hawakukipenda kwa sababu hiyo. Usianze na Kiswahili cha amri. Anza na salamu yao: “Wasuze otya, ssebo” kwa mwanamume asubuhi, “nnyabo” kwa mwanamke, mchana “Osiibye otya”, shukrani ni “Weebale”. Ukishasalimia hivyo, uliza kwa upole kama anasikia Kiswahili. Wengi watakujibu, na watafurahi kwamba ulibisha hodi.

Vituo mlivyoviacha viandikeni kwenye karatasi moja, mratibu aitunze. Hiyo ni safari ijayo. Mimi nina karatasi yangu, na juu kabisa nimeandika jina la yule mama wa Bukoba. Nina deni lake la saa moja Kasubi, aketi, akunje miguu, ahesabu zile pete hadi ya hamsini na mbili, na dereva akiwa amezima gari.